Kuaga Kazi

Mtu aliyeajiriwa hakuuzwa. Mwajiri hununua saa zake na ustadi wake kwa muda waliopatana, wala hanunui maisha yake. Kwa hiyo aliyepata mahali penye mshahara bora hana hatia akienda. Ana wazazi wa kutunza na watoto wa kusomesha, na nguvu zake hazitadumu milele. Lililo gumu ni kupima deni analoliacha nyuma yake.

Katika Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekwisha kuweka kipimo. Apokeaye mshahara wa mwezi hutoa taarifa ya siku zisizopungua 28. Aliye katika mwezi wake wa kwanza, siku 7. Taarifa huandikwa, ikataja sababu na tarehe. Pande mbili zikipatana muda mrefu zaidi, sharti muda huo uwe sawa kwa mwajiri na mwajiriwa. Kipimo hiki kina uadilifu, maana humtazama tajiri na mtumishi wake kwa jicho moja. Lakini sheria haiwezi kuijua kila kazi. Siku 28 zamtosha karani wa ghala kuhesabu magunia, kulinganisha daftari na kukabidhi funguo. Kwa mwalimu mambo ni mengine.

Na achukuliwe mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya binafsi, aitwaye mwanzoni mwa Septemba na shule nyingine kwa mshahara unaokaribia kuwa maradufu. Mtihani wa Kidato cha Nne kwa kawaida hufanyika Novemba. Akiandika barua siku hiyo hiyo, kufikia mapema Oktoba atakuwa ametimiza kila neno la sheria, na darasa litabaki na mada mbili tatu zisizofundishwa. Mkuu wa shule hatakuwa na la kushitaki. Wanafunzi hawakumwajiri, hawawezi kumzuia, wala barua haikuandikwa kwao. Hata hivyo wao ndio watakaolipa gharama ya safari yake.

Wako wasemao kwamba pengo hilo ni la shule. Ndiyo iliyopokea karo, na kama ingalimlipa vema asingalitazama kwingine. Maneno haya yana nguvu, na waajiri wengi wastahili kuyasikia. Mwajiri wa namna hiyo, akiisha kuisoma barua, pengine humwita mtumishi ofisini na kumwongeza mshahara papo hapo. Na fedha iliyopatikana siku ya barua huonyesha kwamba hata jana haikukosekana. Lakini kosa la shule halihamishiki likatuliwa juu ya kichwa cha mtoto wa miaka 17.

Basi mwalimu huyu anadaiwa kwanza kuuliza. Aiombe shule mpya imngoje mpaka mtihani upite, au imruhusu arudi siku za Jumamosi kumaliza alichokianza. Wengi hawaulizi, kwa hofu kwamba nafasi itapewa mwingine, na hofu hiyo si ya kudharauliwa mahali ambapo kazi ni chache. Tena shule mpya nayo ina watahiniwa wake. Yamkini nafasi yenyewe ilipatikana kwa sababu mwalimu mwingine aliondoka vivyo hivyo. Watoto wako pande zote mbili. Hata hivyo wale aliowaanza wana haki iliyotangulia, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kila mmoja wao amekwama wapi. Akiuliza akakataliwa, aende, na lawama ya haraka hiyo igawanywe.

Lakini asiende kabla siku zake 28 hazijaisha, wala asizipitishe akiwa darasani kwa mwili tu, maana mshahara wake ungali unahesabiwa. Alipange upya azimio la kazi, afundishe kwanza mada zisizoweza kusomwa bila mwalimu. Aandike katika daftari ni nani aangukaye katika aljebra na nani katika jiometri, alikabidhi kwa atakayefuata. Katika barua ataje sababu ya kweli. Desturi ya kusingizia mambo ya kifamilia yaonekana kuwa ya adabu, lakini humficha mwajiri jambo ambalo lingemfaa mwalimu ajaye: kwamba mshahara ni mdogo.

Habari ya kuondoka kwake wanafunzi waisikie kinywani mwake, kabla hawajaisikia kwenye mstari wa asubuhi. Awaambie tarehe, awaambie ni nani atakayewafundisha. Na kama hajapatikana, awaambie kwamba hajapatikana, ili wanaoweza kusoma pamoja jioni waanze mapema.