Mnunuzi Mmoja na Uhuru wa Kukataa

Swali tunalolikabili katika insha hii ni la zamani, lakini halijazeeka. Je, kampuni inapokuwa kubwa mno katika uchumi wa kibepari, huua ushindani ule ule ambao ubepari hudai kuutukuza? Na kama huuua, je, huo ni uovu unaopasa kuzuiwa, au ni ada ya maumbile, kama ilivyo ada ya samaki mkubwa kumla mdogo? Wako wanaojibu haraka kwa upande mmoja, na wako wanaojibu haraka kwa upande wa pili. Mimi namwomba ndugu msomaji twende polepole, na tuanzie nyumbani, katika Nyanda za Juu za Kusini, yaani Mbeya na Iringa za zamani, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016.

Natuchukue mfano wa jani la chai. Kutoka Tukuyu na Katumba, wilayani Rungwe, hadi Mufindi, mkoani Iringa, chai hulimwa na mashamba makubwa na wakulima wadogo pia. Jani likishachumwa halingoji. Lisipofika kiwandani siku ile ile, hupata joto ndani ya gunia, hubadilika rangi na kuharibika. Mahindi yaweza kukaa ghalani yakisubiri bei njema. Kahawa ya Mbozi ikishakauka yaweza kungoja. Maua ya pareto nayo yakikaushwa hustahimili safari ya kwenda kiwandani Mafinga. Jani bichi la chai haliwezi. Tena shina la chai si zao la msimu mmoja ambalo mkulima atalibadili mwakani akichukizwa na bei; likishika ardhi hudumu miongo mingi. Basi mwenye nusu eka ya chai hana masoko mengi ya kuchagua. Katika ramani ya nchi viwanda ni vingi, lakini kwake yeye kipo kimoja tu, kile ambacho lori lake hupita barabara ya kijijini kwake.

Nakumbuka mwanzoni mwa utumishi wangu nilipita katika kijiji kimoja cha milimani wakati wa mvua. Kando ya njia palikuwa na magunia ya majani yaliyochumwa tangu alfajiri, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Lori halikuwa limefika. Nikamwamkia mzee mmoja aliyeketi juu ya jiwe, nikamwuliza kwa ujinga wa kijana aliyetoka shule, "Mzee, kwa nini usiwauzie wengine?" Akanitazama kwa huruma, akasema, "Wengine gani, mwanangu? Asiponunua huyu, nitaiuzia mvua?" Sikuwa na jibu. Jioni ile majani yakamwagwa mtaroni, na kazi ya siku nzima ya mikono ya watu ikageuka takataka. Aliyechelewa hakuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa alijua kwamba kesho asubuhi mzee yule atachuma tena, na atamngoja tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa maana ya ushindani. Kitabuni tulifundishwa kwamba ushindani ni wingi wa wauzaji na wanunuzi. Maneno hayo ni kweli, ila hayatoshi. Kwa mnyonge, maana ya ushindani ni uwezo wa kusema "sitaki" na bado akala jioni. Mahali ambapo kukataa ni sawa na kujinyima chakula, mapatano hayawi mapatano hata kama karatasi imetiwa sahihi. Bao halichezwi na mtu mmoja. Akikaa mchezaji mmoja mwenye kete zote, akazisogeza apendavyo, huo hatuuiti mchezo.

Watetezi wa ubepari husema kwamba mkubwa amekuwa mkubwa kwa jasho na akili yake, na kwamba kumwadhibu mshindi ni kuua ari ya kushinda. Hoja hii haifai kupuuzwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na aliyeuza chema hadi akawa tajiri hajamwibia mtu. Lakini tuutazame mpira wa miguu, ambao wanafunzi wetu wanauelewa kuliko hesabu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mbele ya timu kubwa za Dar es Salaam. Furaha ile iliwezekana kwa sababu ligi ina kanuni moja ya haki: msimu mpya ukianza, kila timu huanza na sifuri. Bingwa hubaki na kombe na sifa, lakini habaki na pointi za mwaka jana. Sokoni sivyo. Mshindi wa mwaka jana huanza mwaka huu akiwa na pointi zake zote, na akipenda huweza kuununua uwanja, kumwajiri mwamuzi, na kuwanunua wachezaji wa timu pinzani ili wakae benchi. Kwa hiyo ushindani usio na kanuni una tabia ya kujila wenyewe. Kila anayeshindana hutamani siku ambayo hatashindana tena.

Hili si shutuma ya wajamaa peke yao. Adam Smith, anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya uchumi wa soko, alionya katika kitabu chake cha mwaka 1776 kwamba wafanyabiashara wa aina moja wakikutana, aghalabu mazungumzo yao huishia katika njama za kupandisha bei. Nchi ya Marekani, ngome ya ubepari, ilitunga sheria dhidi ya ukiritimba mwaka 1890, na mwaka 1911 mahakama yake kuu ikaamuru kampuni ya mafuta ya Standard Oil ivunjwe, ikagawanyika kuwa kampuni 34. Wabepari wenyewe walitambua kwamba simba akiachwa peke yake zizini, haliwi zizi tena.

Atakayesema kwamba mfano wa chai unatokana na udhaifu wa zao lenyewe, namwomba atazame bia, ambayo haina haraka ya jani bichi. Siitaji ili kumvutia mwanafunzi kwenye ulevi, bali kwa kuwa kisa chake kinafundisha. Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya hisa za Tanzania Breweries kwa South African Breweries. Kampuni ya Kenya, East African Breweries, ikaja kushindana kwa kiwanda cha Kibo mjini Moshi; na kampuni ya Afrika Kusini ikaenda kushindana huko Kenya kwa kiwanda chake cha Thika. Mwaka 2002 mafahali hao wawili wakapatana. Kiwanda cha Moshi kikafungwa, cha Thika kikafungwa, na kila upande ukapewa asilimia 20 ya hisa katika biashara ya mwenzake. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Kisa hiki chatufundisha kwamba hata wapatanapo nyasi hukanyagwa, maana mnunuzi hakuulizwa, mfanyakazi wa Moshi hakuulizwa, wala mkulima wa shayiri hakuulizwa. Mapatano yale yalivunjika baadaye, pale kampuni ya Kenya iliponunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries mwaka 2010, na mashindano yakarudi. Lakini kwa miaka ile ya kati, ushindani haukufa kwa kushindwa na aliye bora. Ulikufa kwa makubaliano.

Sasa nageukia upande wa pili, kwa kuwa haki ya mjadala yataka hivyo. Je, si sisi wenyewe tulioweka mnunuzi mmoja baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967? Mabenki, makampuni makubwa ya biashara ya nje na vinu vya nafaka vilitaifishwa. Likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa, lililojulikana zaidi kwa herufi NMC. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mashirika ya umma yakabaki mnunuzi halali wa mazao. Lazima tuyaseme mema yake. Kwa bei moja ya mahindi nchini kote, mkulima wa Mbozi, aliye zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawa na aliye karibu na soko, na gharama ya safari ikabebwa na taifa. Kwa sera hiyo, Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa mikoa minne ya kutegemewa kwa chakula cha nchi. Lakini lazima tuyaseme na mabaya yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malipo yalichelewa, mahindi yakakaa vituoni, na mkulima hakuwa na mwingine wa kumkimbilia isipokuwa mlanguzi wa usiku. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha vyama vya ushirika. Na bei moja ilipoondolewa mwishoni mwa miaka hiyo, wafanyabiashara binafsi walikuja kwa wingi palipo na lami na reli ya TAZARA. Aliyekaa ng'ambo ya mto usio na daraja alingoja.

Historia hii yatufundisha mambo mawili. Kwanza, ukiritimba hautakasiki kwa kubadili jina la mwenye nao. Anayeminywa haulizi mkono unaomminya ni wa umma au wa tajiri. Pili, wingi wa wanunuzi peke yake si wokovu, maana wengi hukimbilia penye faida rahisi na kumwacha aliye mbali. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema ushindani ndio wema wenyewe. Ushindani ni chombo. Wema ni utu wa mtu, na chombo chochote hupimwa kwa namna kinavyoulinda.

Wako pia wanaosema tusihangaike, kwa kuwa kila jitu huanguka lenyewe. Ni kweli kwamba majina hubadilika. Brooke Bond, iliyokuwa na mashamba makubwa ya chai Mufindi, ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Na Unilever nayo mwaka 2022 ilikamilisha kuuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai. Lakini jina la langoni likibadilika, mlango ukabaki ule ule mmoja, mwenye gunia begani amepata nafuu gani? Jitu laweza kungoja miaka 40 lianguke. Jani la chai haliwezi kungoja hadi kesho kutwa.

Basi jibu langu ni hili. Ukubwa peke yake si dhambi. Kiwanda cha chai hakijengwi kwa mtaji wa kijiji kimoja, na mkubwa mwema huleta miche, ujuzi na barabara. Dhambi huanza pale mkubwa anapotumia nguvu zake kuwafungia wengine mlango, ili asilazimike tena kuwa mwema. Sheria yetu ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ilifuata hekima hiyo. Kama ilivyotungwa, haikumhesabu mtu kuwa ametawala soko kwa sababu tu sehemu yake imezidi asilimia 35. Ilitaka pia awe na uwezo wa kupunguza ushindani kwa faida yake na kwa muda wa kutosha. Na hata hapo haikuharamisha nguvu hiyo, bali matumizi yake mabaya.

Lakini sheria hukaa mjini, na gunia hukaa kando ya njia. Kwa hiyo mnyonge hana budi kujijengea uwezo wa kukataa. Wakulima wa Rungwe walilijua hilo zamani: mwaka 1949 waliunda chama chao kikuu cha ushirika ili wasiuze kahawa mmoja mmoja, na siku zetu hizi wakulima wadogo wa chai wa huko wamekuwa na sehemu ya hisa katika kampuni ya kiwanda kinachosindika majani yao. Mwenye hisa huketi pale bei inapozungumzwa. Mwenye kujua kusoma mizani haibiwi kwa kilo. Mwenye chama haogopi kusema "hapana" peke yake, kwa kuwa hasemi peke yake.

Ndugu walimu, swali hili msiliache katika somo la uchumi tu. Wapelekeni wanafunzi mnadani na kwenye kituo cha kununulia mazao, wahesabu: wanunuzi ni wangapi, nani hupanga bei, nani hushika mizani, na muuzaji akikataa atakwenda wapi. Wakilijibu swali hilo la mwisho, watakuwa wamejua kama pale pana soko au pana jina la soko tu. Nami nikipita tena kijijini kwa yule mzee, ningependa kukuta mjukuu wake ameketi juu ya jiwe lile lile, lori limechelewa, naye anasimama, anajipangusa vumbi, na kulibeba gunia lake kulipeleka kwingine.