Mshono Huu ni Wangu Pia
Nikiwa na mimba ya pili, daktari aliniuliza: “Ulipopasuliwa ile mara ya kwanza, mji wa mimba ulishonwa tabaka moja ama mbili?” Sikujua. Mimi najua tu kovu la nje.

Utafiti wa CORONIS, ambao wanawake wa Kenya pia walishiriki, uliripoti mwaka 2016 kwamba baada ya miaka 3 njia hizo mbili hazikutofautiana sana kwa matokeo. Sasa si niache tu hiyo story? Hapana. Daktari kuchagua vizuri ni kitu kimoja. Mimi kuambiwa alichochagua ni kingine. Usiku ule, mapigo ya mtoto yakishuka, sikutaka maelezo, nilitaka mtoto. Lakini asubuhi muda ulikuwepo. Mstari mmoja kwenye kijitabu cha kliniki ungetosha.