Wimbo ni wa Wote, Kisa ni cha Nani?

Katika vitu ambavyo watu hupeana pasipo kupungukiwa, wimbo ni kimojawapo. Aliyetoa shilingi hubaki na mfuko mwepesi. Aliyetoa wimbo hubaki nao kamili, na pengine huupenda zaidi kwa kuwa umependwa na mwingine. Zamani utoaji huu ulikuwa wa sauti tupu. Siku hizi umeongezwa picha: mtu hutoa simu ya mkononi, humwinamishia mwenzake kioo, akasema, "Tazama hii," na kabla wimbo haujafika katikati huanza kueleza kwa nini anaupenda. Aghalabu sababu si ufundi wa mwimbaji wala uzuri wa mapigo. Sababu ni kisa. Wimbo huo ulipigwa harusini kwake. Au ulikuwa ukisikika katika basi usiku alipohama mji. Au aliyekuwa akiupenda ni mtu ambaye sasa yumo kaburini.

Desturi hii yaonekana kuwa nyepesi, na wengi huihesabu katika michezo ya vijana. Lakini ndani yake mna swali lisilo jepesi. Mtu akitoa wimbo aupendao pamoja na kisa chake, ametoa nini hasa? Na hicho alichotoa kilikuwa mali yake?

Yafaa kwanza kuukumbuka wakati ambapo wimbo ulipelekwa bila kisa. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, na wenzao wa Kenya, walikuwa wakinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya wale waliotaka kuwasalimu na jina la wimbo walioutaka, wakazitia posta. Siku ilipowadia, mtangazaji aliyasoma majina kwa mfululizo, mji kwa mji, kisha wimbo ukapigwa. Kadi ilikuwa ndogo, haikuwa na nafasi ya maelezo. Iliwataja watu, wala haikutaja sababu. Nchi nzima ilisikia ya kuwa fulani wa Tabora amemsalimu fulani wa Tanga kwa wimbo fulani. Mtu mmoja tu, yule wa Tanga, ndiye aliyejua kuwa wimbo huo ulikuwa ombi la msamaha au ukumbusho wa ahadi. Jambo lilitangazwa likabaki siri. Ni vigumu kukitaja chombo kingine kilichoweza kusema kwa sauti kubwa kiasi hicho na kunyamaza kwa adabu kiasi hicho.

Sasa mambo yamepinduka. Tangu kituo cha MTV kilipoanza Marekani mwaka 1981, na hasa tangu YouTube ilipofunguliwa mwaka 2005, wimbo wenye picha umekuwa kitu ambacho kila mwenye simu aweza kumwonyesha amtakaye. Kadi ya salamu ilitaja jina ikaficha sababu. Anayetoa video leo hutaja sababu, na mara nyingi hana jina la kumwelekezea. Husema na yeyote aliye karibu.

Wanafalsafa hawakuafikiana juu ya kazi ambayo muziki huifanya moyoni. Leo Tolstoy, mwandishi wa Urusi, katika kitabu alichokiandika mwishoni mwa karne ya 19 juu ya maana ya sanaa, alishikilia ya kuwa sanaa ni njia ya kuambukizana hisia: msanii ameonja jambo moyoni mwake, akalidhihirisha kwa sauti au rangi au maneno, na wengine wakaambukizwa lile lile. Karne nane kabla yake Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipokuwa akiupima uhalali wa kusikiliza nyimbo katika Ihya, alilitazama jambo kutoka upande wa pili. Kwake wimbo hautii moyoni kitu kisichokuwamo, bali hukitikisa kile kilichomo. Ndiyo sababu hukumu ya kusikiliza huifuata hali ya msikilizaji mwenyewe, na wimbo mmoja waweza kumwinua huyu na kumwangusha yule.

Anayemwonyesha mwenzake video aipendayo huanza akiwa mfuasi wa Tolstoy pasipo kujijua. Hudhani kuwa wimbo utafanya kazi yote. Hakitazami kioo, humtazama mwenzake usoni, akingoja maambukizo yatokee. Mwenzake, kwa adabu, husema, "Nzuri." Neno hilo moja huvunja moyo kuliko lawama. Hapo ndipo inapoonekana ya kuwa Al-Ghazali aliukaribia ukweli zaidi: moyoni mwa mtazamaji hamna basi la usiku ule wala kaburi lile, basi wimbo umetikisa mahali patupu. Mwenye wimbo hulazimika kusimulia. Na akisha kusimulia, hudhihirika kuwa zawadi ilikuwa kisa, na wimbo ulikuwa bahasha yake.

Picha nayo haisaidii kama inavyodhaniwa. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikaingoja mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo bendi kubwa za dansi za miaka ya 1960 na 1970 ziliyafikia masikio mengi ambayo macho yake hayakupata kuziona. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gita wa Morogoro aliyezaliwa mwaka 1944, alikwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi wa Januari mwaka 1979. Atakaye leo kuonyesha wimbo wake mashuhuri wa "Shida" mara nyingi atakuta picha moja tu ya mnato, imesimama tangu mwanzo hata mwisho huku sauti ikitembea. Umaskini huo una baraka yake. Nyumba tupu huingiwa upesi. Wimbo uliotengenezewa magari, pwani na wacheza ngoma waliovaa sare huwa umekwisha kaliwa na wapangaji, na msikilizaji hana budi kuwahamisha kabla ya kuweka humo mkeka wa kumbukumbu zake. (Ni kweli pia ya kuwa yuko mtu ambaye kumbukumbu yake ni hiyo picha yenyewe: aliyeitazama utotoni akiwa amening'inia dirishani kwa jirani mwenye televisheni, na akakiona kisogo cha mtu aliyekaa mbele kuliko alivyomwona mwimbaji. Huyo asihukumiwe.)

Na ufikiriwe mfano. Wanafunzi watano wamekaa usiku katika chumba cha bweni, kila mmoja kwa zamu akionyesha video aipendayo na kutoa sababu. Wa kwanza aonyesha wimbo wa harusi ya dada yake, wacheka. Wa pili na wa tatu wapita, na kicheko chaendelea. Zamu yamfikia msichana mmoja, naye aweka "Shida", ile yenye picha isiyosogea. Wenzake wangoja jambo litokee katika kioo, halitokei. Basi aeleza ya kuwa baba yake, mtu asiyejulikana kwa machozi, huzima redio wimbo huo unapoanza, na ya kuwa mama yake alimwambia sababu. Usiku mmoja, kabla yeye hajazaliwa, baba alipokuwa kibarua katika mji wa ugenini, mtoto wao wa kwanza alizidiwa na homa. Baba alikwenda mlango kwa mlango akitafuta nauli ya kumfikisha hospitali. Aliporudi nayo, hapakuwa tena na mtoto wa kupelekwa, na wimbo huo ndio uliokuwa ukisikika kutoka nyumba ya pili. Chumba chote chanyamaza. Hapana asemaye "nzuri". Kwa mara ya kwanza usiku ule watu watano wamesikia wimbo mmoja.

Nani atasema kuwa msichana huyo ametenda ubaya? Amesema kweli, amesema kwa mapenzi, na wenzake wamepata kitu ambacho wimbo peke yake usingewapa. Lakini mfano na uendelee. Mmoja wa wale wanne atoka kijiji kinachopakana na cha msichana. Likizo yafika, kisa chasafiri kwa nia njema kutoka kinywa hata kinywa, na mtu mmoja, akitaka kuonyesha huruma, asimama njiani ampa baba pole kwa jambo la miaka zaidi ya 20 iliyopita, akiitaja nauli. Watu wa kijiji walijua siku zote kuwa mzee huyo alifiwa na mtoto. Hawakujua kuwa alibisha milango ya watu usiku kwa ajili ya shilingi chache. Mambo hayo mawili si jambo moja. La kwanza ni msiba, na msiba huzikwa na watu wote. La pili alikuwa amelizika peke yake, na sasa limefukuliwa na mwanawe ampendaye.

Atatokea mtu apinge, na upinzani wake una nguvu. Atasema ya kuwa kama kila kisa kingengoja ruhusa ya kila aliyemo, dunia isingekuwa na nyimbo zenyewe. Naye atamtaja Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Katika nyimbo zake zilizovuma sana umo ule wa Kijiti, uliotokana na tukio la kweli la Unguja. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa na mtu wa jina hilo. Muuaji akatorokea bara, na wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu ndio walioangukiwa na adhabu ya mahakama ya wakoloni. Marehemu hakuulizwa kama ataka kuimbwa. Hata hivyo, ni nani leo angependa wimbo huo usiwepo?

Jibu halipatikani kwa kuuliza kama ruhusa ilitolewa au haikutolewa. Lipatikane kwa kuuliza ukimya ulikuwa ukimlinda nani. Katika tukio la Unguja ukimya ungemfaa muuaji, na ungeifaa mahakama iliyowaadhibu wasiostahili. Aliyeuvunja alirudisha sehemu ya haki ambayo hukumu ilikuwa imeikata. Katika kijiji cha mfano, ukimya haukumfaa dhalimu yeyote. Ulikuwa vazi la mtu mmoja aliyelishona mwenyewe. Kumvua mtu vazi si tendo moja na kumfunua mwizi, ijapokuwa mikono hufanya mwendo ule ule.

Upinzani una sehemu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Maisha ya mtu hayana chumba ambacho wengine hawamo. Binti akikatazwa kusema habari za baba yake, atasema habari za nani, naye amelelewa katika nyumba hiyo? Hapa yapasa kutenganisha nyuzi ambazo mapenzi huzisokota pamoja. Kulikuwa na visa viwili katika wimbo ule. Kimoja ni cha usiku wa homa na milango. Hicho binti hakukiona, alikipokea kwa mama, naye mama alikitoa kama amana. Kingine ni cha mtoto aliyekua katika nyumba ambamo redio ilizimwa ghafula, asijue kwa nini, akajifunza kuutambua mlio wa kwanza wa gita na kuyaangalia mabega ya baba yake. Hicho ni chake kwa haki yote. Lau angekisema hicho tu, wenzake wangelisikia jambo la kweli, pengine la kweli zaidi, na picha ile iliyosimama ingeliwatosha. Tena wangeliachiwa mlango usiofunguliwa, na msikilizaji aliye mwungwana hujua la kufanya mbele ya mlango wa namna hiyo. Kwa nini basi hakuishia hapo? Yamkini kwa sababu usiku ule ulikuwa wa zamu, na zamu huzaa mashindano; baada ya visa vitatu vya kicheko, kisa cha mabega kilionekana kidogo. Kila anayetoa wimbo aupendao hujaribiwa kuongeza uzito wa kisa mpaka ukimya upatikane, na uzito ulio karibu zaidi mara nyingi ni wa mtu mwingine.

Nao wale wanne hawakosi sehemu yao. Walipewa kitu wakiwa wamekaa chini, mlango umefungwa, na mmoja akakichukua kama habari. Mazungumzo juu ya adabu ya msimulizi ni mengi; adabu ya aliyesimuliwa husahauliwa, kana kwamba sikio ni bomba ambalo maji hupita tu.

Iko njia ambayo msichana hakuijaribu, nayo ilikuwa fupi: kumwuliza baba. Si kuomba ruhusa, kwa maana ruhusa ya mambo kama hayo haiombeki vizuri. Kumwuliza tu habari ya usiku ule, wakiwa wawili, siku redio inapozimwa. Mama aliyekisimulia kisa alikuwa ndani na mtoto, hakuiona milango. Huenda baba angesema ya kuwa milango mitano ilifungwa na wa sita ukafunguliwa. Ya kuwa mwenye nyumba hiyo hakutoa nauli tu, bali alitoka naye mbio hata akauacha mlango wazi na redio ikiimba. Na ya kuwa wimbo ulisikika msibani kwa sababu hiyo. Huenda mtu huyo yu hai hata leo, mzee mahali fulani, asijue kwamba yumo katika kisa cha mtu. Na huenda baba, ambaye hajui sana mambo ya simu, angemwomba binti yake amtafute jirani huyo, na amtumie wimbo ule wenye picha moja, pasipo neno lolote ila jina la aliyeupeleka.