Uaminifu kwa Kilicho cha Mwingine

Neno la wiki: Luka 16:10–12

Wiki hii tunazungumza juu ya pikipiki. Najua kuna atakayesema, "Pasta, mimi nimetoka steji, nimekuja kanisani nipumzike na hayo mambo." Nivumilie kidogo. Kuna jambo nimeliona wakati wa ushuhuda. Mtu akinunua pikipiki mpya, kanisa linasimama kwa vigelegele. Lakini sijawahi kusikia kigelegele cha mtu aliyebadilisha tairi lililoisha.

Katika Luka 16 Yesu anapanga mambo kwa utaratibu. Kwanza uaminifu katika kidogo, ndipo kikubwa. Kwanza uaminifu na mali ya mwingine, ndipo upewe iliyo yako. Sisi tunapenda kuanzia mwisho wa orodha. Mimi nimetunza pikipiki nne maishani, na kila moja imenisaidia kuyaelewa maneno hayo.

1. Suzuki ya baba: uharibifu huanza kimya

Ya kwanza haikuwa yangu. Ilikuwa Suzuki AX100 ya baba, mwalimu wa shule ya msingi kule kwetu Busia, mahali ambapo jina boda boda lilizaliwa, watu wakivushwa mpakani kwa baiskeli. Injini ya AX100 huchoma oili pamoja na petroli, na oili ina tanki lake dogo. Hiyo oili ikiisha, pikipiki inaweza kukimbia vizuri tu kwa muda. Halafu pistoni inashika ndani ya silinda, na hapo hata umpigie fundi simu, umechelewa.

Baba alinipa ufunguo kwa sharti moja: kabla hujapiga kiki, angalia oili. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili. Nilipomaliza kidato cha nne, akaniambia, "Sasa ni yako. Umeishika kama ni yangu." Wale wanawali wa Mathayo 25 wote walikuwa na taa. Tofauti ilikuwa mafuta, na tofauti hiyo haikuonekana mpaka usiku wa manane. Ndugu, maombi yanaweza kukauka huku unaimba kwaya vizuri kabisa. Angalia oili.

2. Boxer: kuna mtu amekaa nyuma yako

Mwaka 2008 Serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na vijana wengi wakapata kazi. Nami baadaye nikiwa chuoni nikauza ile Suzuki, nikaongeza pesa za chama, nikanunua Bajaj Boxer. Kila likizo nilibeba abiria mpaka karo ikatimia.

Hapo nikaelewa jambo moja. Mama akipanda nyuma, amekukabidhi uhai wake kwa shilingi 50. Breki ya nyuma imefichwa ndani ya gurudumu. Yeye hawezi kuona kama imelika. Anakuamini tu. Sheria inasema abiria mmoja, na nyote wawili mvae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Lakini Neno lilitangulia sheria. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwagiza mwenye nyumba ajenge ukingo kuzunguka dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Kwako wewe wa boda, ukingo wa dari ni breki nzima na helmeti ya pili isiyopasuka.

Wengi wetu tumewahi kukaa hospitalini usiku kucha tukimngoja mtu aliyeanguka na pikipiki. Kwa hivyo hili si fumbo la mahubiri.

3. Skuta: piga hesabu kwanza

Nilipopata kazi Nairobi nilinunua skuta ya 110cc, haina klachi wala gia za kubadilisha. Wenzangu walinicheka, ati ni ya wasichana. Wao walikuwa wanachukua pikipiki kubwa kwa mkopo. Nilisomea biashara, basi hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme pikipiki ni shilingi 180,000 taslimu. Kwa mkopo unatoa 30,000 kwanza, kisha 480 kila siku kwa siku 540. Jumla ni 289,200. Umelipa 109,200 zaidi, na hatujaguza petroli, bima wala spea. Na siku ukilala mgonjwa, ile 480 hailali.

Sisemi mkopo ni dhambi. Kwa wengine ndio mlango pekee. Nasema Luka 14:28 inamtaka mjenzi akae chini kwanza ahesabu gharama. Ukiniletea ombi la pikipiki mpya, nitaomba nawe kwa moyo wote, lakini uje na hiyo karatasi ya hesabu.

Na kama unaona haya kwa sababu yako ni ndogo, soma Marko 11. Mfalme aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda wa kuazima, na akaahidi kumrudisha.

4. Ya umeme: nguvu si yangu

Siku hizi nikienda kutembelea wagonjwa natumia pikipiki ya umeme. Katika mpango ninaotumia, chuma ni changu lakini betri ni ya kampuni. Ikikaribia kuisha, naingia kituoni, naacha iliyochoka, napewa iliyojaa. Hakuna anayeona aibu kuingia pale. Basi mbona tunaona aibu kumwambia Mungu tumechoka? Isaya 40 inasema yeye ndiye humpa nguvu aliyezimia. Chuma unaweza kumiliki. Nguvu unapokea.

Tufanye nini?

Kama huna pikipiki, una cherehani, kibanda, shamba la kukodi, au watoto wa watu darasani. Jiulize ni cha nani, na ukiambiwa leo utoe hesabu utasema nini.

Kama unaendesha, anza na mambo mawili. Kila jioni, kabla hujagawa pesa za siku, weka kando kitu cha matengenezo, hata kama ni 50. Na Jumapili ijayo baada ya ibada, leta pikipiki uwanjani. Tutakuwa na fundi wa kuangalia breki na tairi bila malipo. Ukikuta tairi limeisha na huna pesa, usiondoke kimya. Niambie, tutafute njia. Afadhali kanisa lichange tairi leo kuliko kuchanga jeneza.

Tuombe: Baba, tulicho nacho ni chako, na anayekaa nyuma yetu ni wako. Tupe macho ya kuona kinacholika kimya, na mikono ya kukitengeneza mapema. Katika jina la Yesu, Amina.