Mkono wa Kukodi Hauna Kwao

Wajukuu zangu wa Kericho na Bomet, sogeeni niwaambie neno. Uchaguzi wa 2027 unanukia, na magari yenye vioo vyeusi yameanza kusimama kwenye steji za bodaboda, Litein, Kapkatet, Sotik. Wenye magari hawaulizi nauli. Wanauliza, "Hapa mko vijana wangapi wakakamavu?"

Kijana akiulizwa hivyo hujiona shujaa. Mimi moyo hunishtuka. Swali hilo ni la kale, wanangu, na walioliitikia najua walikoishia.

Nawasihi, msikodishe mikono yenu.

Nilifundisha historia mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilieni nikianzia mbali. Palikuwa na dola ya Roma, yenye jeshi lililoogopwa kutoka Uingereza hadi mto Frati. Lakini ikafika siku wenye mashamba makubwa hawakutaka kutoa watu wao waende vitani. Wakalipa dhahabu badala ya watu. Vijana wengine walijikata kidole gumba ili wasiweze kushika upanga, hata makaisari wakatunga sheria za kuwaadhibu.

Basi wakuu wakazidi kutafuta mikono ya watu wengine, hasa Wagothi kutoka ng'ambo ya mto Danube. Wale nao walikuwa na njaa, wakakubali.

Mwaka 394 Kaisari Theodosius alipigana na Warumi wenzake penye mto Frigidus. Waliotangulizwa mbele ni Wagothi, wakafa kwa maelfu. Kiongozi wao mmoja, Alaric, alitoka hai, lakini cheo alichokitamani hakukipata. Akaondoka na kinyongo chake.

Mwaka 408 Warumi wakamuua jemadari wao wenyewe, Stilicho. Halafu katika miji ya Italia wakawachinja wake na watoto wa askari wale wa kigeni. Hebu fikirini: baba yuko kambini analinda dola, na huku nyuma dola hiyo inamuulia mtoto. Askari wale wakamwendea Alaric, na mwaka 410 mji wa Roma ukaporwa. Mwaka 476 askari wengine wa namna hiyo walidai ardhi huko Italia, wakanyimwa. Wakamwondoa mfalme kijana Romulus Augustulus, wakamtawaza mwenzao Odoacer.

Aliyekodi aliangamia, na aliyekodiwa alizika watoto wake kwanza. Mkuki wa kukodi una ncha pande zote mbili.

Mtaniambia, "Babu, hayo ni ya Wazungu wa kale." Haya, turudi nyumbani.

Majirani zetu Wamasai walikuwa watu wa kuogopwa. Sisi wenyewe tuliwaogopa. Kisha ikaja sotoka ikamaliza ng'ombe, ikaja ndui ikamaliza watu. Laibon Mbatian, kiongozi wao wa kiroho, alipofariki mwaka 1890, wanawe Lenana na Sendeyo wakagombea nafasi yake, ndugu akamwaga damu ya ndugu. Lenana akaegemea kwa Waingereza, nao Waingereza wakaona hapo pana mikono ya bure.

Mwaka 1905 morani wa Kimasai walitembea na majeshi ya Waingereza. Walikuja huku Sotik kutupiga sisi Wakipsigis, wakaenda pia na vikosi vilivyowapiga Wanandi. Mshahara wao ulikuwa ng'ombe, ng'ombe wetu na wa Wanandi. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi papo hapo.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka 1904 Waingereza walikuwa wametia sahihi mkataba na Wamasai kwamba Laikipia itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Miaka saba haikuisha vizuri. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine, na kufikia 1913 Wamasai walikuwa wamefurushwa Laikipia na mifugo yao, wakasukumwa kusini. Walikwenda mahakamani wakilia kwamba wameonewa, kesi ikatupwa.

Je, ng'ombe waliolipwa Sotik waliwasaidia nini siku ile? Anayekulipa leo upige, kesho atalipa mwingine akupige wewe.

Na sisi? Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, maelfu ya ekari hapa Kericho walipewa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Wakajaribu kulima, wakashindwa, na katika miaka ya 1920 yakaingia makampuni ya chai. Kwa hiyo Mmasai alipoteza Laikipia, Mnandi akampoteza Koitalel, Mkipsigis akapoteza ardhi ambayo leo anachuma chai yake kwa kilo. Watatu tulipigana sisi kwa sisi, na aliyekaa kwenye veranda ni wa nne.

Nawasihi tena, wanangu, msikodishe mikono yenu.

Mambo haya sikuyasoma vitabuni tu. Mwaka 1992, wakati wa mapigano ya kikabila, niliona moshi upande wa Londiani. Mwaka 2008, baada ya uchaguzi, niliona Chepilat ikiungua, pale mpakani ambapo sisi na Wakisii tulikuwa tukiuziana ndizi na maziwa tangu asubuhi hadi jioni.

Kijana mmoja niliyemfundisha alikuwa mstari wa mbele Chepilat. Alipewa noti ya mia tano iliyokunjwa mara nne, fulana mpya na lifti ya lori. Wakati wa kurudi hapakuwa na lori. Alitembea usiku kucha kupitia mashamba ya chai, mshale umemtoboa bega. Hospitalini aliogopa kwenda, akiwaza kwamba ataulizwa mshale ulitoka wapi. Mkono ule hauinuki mpaka leo. Hawezi kubeba kikapu cha chai, na akina mama wanaochuma naye ndio humsaidia kukifikisha kwenye mizani.

Tarehe 28 Februari 2008 wakubwa walitia sahihi mapatano ya amani Nairobi, wakapeana mikono mbele ya kamera. Watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekwisha kufa. Aliyemtuma kijana wangu hakurudi hata kumpa pole. Alimtumia kama panga la kupogolea chai, likishakwisha makali linatupwa kichakani.

Msidhani hasara ni jeraha peke yake. Unataka kuingia jeshini? Unataka kazi ya ulinzi Qatar? Utadaiwa cheti cha tabia njema kutoka polisi, na alama za vidole vyako zitakuwa zimekutangulia. Unataka kuuza maziwa Borabu? Utapitaje kwa watu uliowachomea? Unataka kuoa? Baba wa msichana atauliza kokwet nzima, mtaa mzima, ulikuwa wapi usiku ule, na ataambiwa. Mia tano huisha kabla ya jua kutua, jina baya hurithiwa na mjukuu.

Najua mfuko ni mtupu. Najua bonasi ya chai ikichelewa nyumba hunyamaza. Lakini njaa ndiyo iliyowafanya Wagothi wakubali, na kufiwa na ng'ombe ndiko kulikowalainisha Wamasai. Mwenye kukodi watu hasubiri washibe. Huja wakati mfuko ni mtupu, kwa sababu hapo bei ni rahisi.

Basi akija kwenye steji, muulizeni maswali matatu, kwa adabu, mbele ya watu. La kwanza: wanao watakuwa nasi mstari wa mbele? La pili: tukikamatwa, utakuja kituoni kwa jina lako? La tatu: kelele zikiisha, tutaishi vipi na majirani hawa? Akikosa kujibu hata moja, mrudishieni pesa zake aende.

Na kama mwenzako ameshapokea, usimcheke wala usimfiche. Mfuate kabla hajapanda lori, umlete kokwet kwa wazee. Hatutampiga wala kumwaibisha. Tutachanga wenyewe hiyo mia tano, airudishe, alale kwao. Nawasihi, wanangu, mwahini mapema.