Tawi Lililokatwa Bila Kuombwa

Mezani kwangu hosteli, karibu na dirisha, kuna kopo la rangi lenye matundu matatu kwenye kitako. Ndani ya kopo umesimama mmea wenye miiba, kimo chake hakizidi kiganja changu, na mwezi uliopita ulitoa maua kwa mara ya kwanza. Wanaoingia chumbani huusifu. Huniuliza nimeununua wapi, nami hujibu kwamba umetoka nyumbani Arua. Jibu hilo ni kweli lakini halijakamilika. Mmea huo niliuiba. Nimekaa na neno hilo muda mrefu nikilitafutia jina laini zaidi, na insha hii ni jaribio la kuona kama jina hilo lipo.

Bibi yangu alifariki mwaka jana. Siku ya tatu ya matanga, watu walipokuwa wakila chini ya turubai, nilipita mlangoni pake penye lile debe la ua la miiba. Nikavunja tawi moja, nikalifunga kwa gazeti na kulitia mkobani. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyebaki na nyumba ile, alikuwa jikoni. Ningeweza kumwita. Sikumwita. Kesho yake nilipanda basi la Kampala.

Nieleze kwanza mmea wenyewe. Wataalamu huuita Euphorbia milii, na watu wa kanisani huuita taji la miiba. Asili yake ni Madagaska. Jina la milii linatokana na Baron Milius, gavana wa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, aliyeupeleka Ufaransa mwaka 1821. Kile tunachokiita ua ni vijani viwili vilivyogeuka rangi. Ua lenyewe ni dogo sana katikati yake. Ukikata tawi, hutoka utomvu mweupe kama maziwa, unaowasha ngozi na kuumiza macho. Sasa, kosa la wanaoanza ni kulichomeka tawi udongoni siku hiyo hiyo. Huoza. Sharti uoshe utomvu kwa maji, ulilaze tawi kivulini siku kadhaa hadi jeraha lifunge na kukauka, ndipo ulipande kwenye udongo wenye mchanga mwingi, na maji uyatoe kwa ubahili. Baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo, ukilivuta taratibu utaona linakataa kutoka. Hapo limeshika mizizi.

Tabia hii ya kustahimili ukavu ndiyo iliyoufanya mmea huu uingie katika historia ya familia yetu.

Bibi alipewa debe lile mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi. Mke wa mwenye duka, aliyekuwa akimfulia nguo, alimkabidhi ua siku ya kuondoka, akasema: nitunzie. Hakusema chukua. Bibi alilishikilia neno hilo kama mtu ashikavyo ufunguo wa nyumba ya mwenzake. Ua lenyewe halikuwa jekundu kama yale ya kila mahali; lilikuwa la rangi ya maziwa, lenye pindo la waridi, na watu walisimama njiani kulitazama. Jirani mmoja, mwanamke wa Koboko aliyeolewa Arua, aliomba tawi. Bibi alikataa. Aliomba tena, akakataliwa tena. Bibi hakuwa mchoyo. Alidhani hana haki ya kutoa kisichokuwa chake.

Asubuhi moja alikuta matone meupe yaliyokauka juu ya ngazi, na tawi moja halipo.

Ugomvi wa majirani hao haukupata nafasi ya kuiva. Oktoba 1980 wanajeshi wa zamani wa Amin walivuka mpaka na kushambulia Koboko na Arua, na jeshi la serikali liliporudi lililipiza kisasi kwa raia. Watu wa Nile Magharibi walikimbia kwa maelfu, wengine Zaire, wengine Sudan. Bibi alivuka upande wa Aru na watoto wanne na sufuria moja, ua aliliacha. Juni ya mwaka uliofuata raia waliojificha katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa, na baada ya habari hizo hakuna aliyezungumza tena kuhusu kurudi upesi. Aliporudi mwaka 1986 nyumba haikuwa na paa wala mlango. Debe halikuwepo.

Miaka ilipita. Alikwenda Koboko kwenye msiba, safari ya kilomita zipatazo 55 ambazo wakati huo, kabla ya lami, zilikula siku nzima. Mlangoni kwa nyumba moja akaliona ua la rangi ya maziwa lenye pindo la waridi. Mwenye nyumba alitoka, wakatambuana. Yule mama alikuwa amelibeba tawi hadi Sudan likiwa limefungwa katika kipande cha kanga, akalipanda ukimbizini, akalikata tena akarudi nalo. Hakujifanya. Alisema, "Dada, nilikuibia. Hili ni lako, chukua lote." Bibi akamjibu, "Sitaki lote. Nakuomba tawi moja."

Kila mara niliposimuliwa kisa hiki nikiwa mtoto, nilidhani bibi alikosea. Kama ua ni lake, kwa nini aliombe? Na kama si lake, mwenzake alikuwa anakiri nini?

Katika darasa la falsafa tulisoma kwamba John Locke, katika kitabu chake cha mwaka 1689, alieleza kuwa mtu humiliki kitu kwa kuchanganya nacho kazi ya mikono yake. Kwa hoja hiyo yule mama wa Koboko ni mmiliki halali: alilibeba, alilinyima maji na kulipa maji, alilikinga na mbuzi. Lakini fikiri kuhusu mwizi wa ndama anayemlisha miaka mitano. Jasho lake ni la kweli, na ng'ombe bado si wake. Jasho huja baada ya swali la umiliki; haliwezi kulifuta.

Upande wa pili wapo watakaosema hapakuwa na wizi wowote. Aliyeibiwa ndama ana zizi tupu, lakini aliyekatiwa tawi bado ana mmea. Zaidi ya hayo, mmea uliokatwa ncha huchipua matawi mawili au matatu mahali pa jeraha, kwa hiyo mwenye mmea amefaidika. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo niliyojipa mwenyewe ndani ya basi. Inaungwa mkono hata na desturi zetu: katika Nile Magharibi ni kawaida majirani kutouziana vipande vya miti ya muhogo, wala marando ya viazi. Msimu ukifika unapita kwa mwenzako, unapewa mzigo, unashukuru, unaondoka.

Ila unapita kwa mwenzako. Hapo ndipo hoja inapopasuka. Hata muhogo, ambao kila mtu anao na hakuna anayeunyima, huombwa. Na kuna sababu ya shambani, mbali na adabu. Ugonjwa wa batobato ulipoangamiza muhogo wa Uganda katika miaka ya 1990, ulibebwa na inzi weupe na pia na vipande vya kupandia. Mwenye shamba anajua ni shina lipi lina majani yaliyojikunja. Anayeomba huambiwa, "usichukue hapo, chukua hapa." Anayejikatia usiku huondoka na ugonjwa bila kuonywa. Kwa hiyo kuomba hufungua maarifa pamoja na mlango.

Basi aliyekatiwa tawi ameibiwa nini, ikiwa mmea anao? Naona ameibiwa nafasi ya kutoa. Mtu mwenye kitu anaweza kusema ndiyo, anaweza kusema hapana, anaweza kusema subiri mvua zipungue. Anayejikatia amemnyang'anya mwenzake majibu hayo yote matatu, akamwacha na matone kwenye ngazi. Tukilitazama jambo hivi, jibu la bibi kule Koboko halikuwa kosa. Alikataa kuuchukua mmea wote kwa sababu hilo lisingerudisha kilichopotea. Aliomba tawi, na kwa kuomba alimpa yule mama kile ambacho yeye mwenyewe alinyimwa, yaani fursa ya kuwa mtoaji. Mhadhiri wangu mmoja aliposikia hoja hii alisema namsingizia bibi falsafa. Huenda. Lakini bibi angeweza kubeba debe zima, na hakulibeba.

Hata hivyo kuna pingamizi ambalo sijalimaliza, wala sidhani nitalimaliza hapa. Kama yule mama asingeiba, ua lile lisingekuwepo. Debe la Arua liliangamia na nyumba. Utiifu wa bibi kwa neno "nitunzie" ungetoa matokeo ya kusikitisha: amana iliyotunzwa kwa uaminifu hadi ikapotea yote. Wizi ndio uliotunza.

Mfano mkubwa wa jambo hili upo Tanzania. Katika misitu ya Usambara kuna ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina Saintpaulia kwa heshima ya familia yake. Huzalishwa kwa jani moja tu: unachomeka kikonyo chake udongoni na mmea mpya unachipuka. Kwa njia hiyo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, huku misitu lilikotoka ikiendelea kupungua. Mtu anaweza kusema ni heri lilichukuliwa. Nami namuuliza: heri kwa nani, na nani alijua? Ofisa yule hakuwa akiokoa chochote, kama jirani wa bibi asivyojua kuwa vita vinakuja. Alilitaka ua kwa sababu lilikuwa zuri. Bahati iliyokuja baadaye haiwezi kuwa sababu ya tendo lililotangulia. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, inadai kwamba anayetaka mali ya viumbe hai ya nchi nyingine apate ridhaa kwanza na agawane manufaa. Mataifa yamehitaji zaidi ya karne moja kufikia lile linalofanyika kila msimu kwenye mipaka ya mashamba ya muhogo.

Lakini pingamizi lina upande wake wa haki, na sitaki kulikwepa. Kitu kilicho hai hakitunzwi kwa kufungiwa mahali pamoja. Bibi mwenyewe alijifunza hivyo, kwa kuwa baada ya Koboko hakumnyima mtu tena. Alisema mwenye duka akirudi atakuta ua lake katika nyumba kumi badala ya moja. Sheria ya mwaka 1982 iliwaruhusu Wahindi waliofukuzwa kudai majumba yao, na wapo waliorudi kuyadai. Kuhusu ua hakuja mtu. Kwa hiyo nakubali kwamba mtunzaji wa amana anaweza kukosea kwa kushika sana. Kosa lake, hata hivyo, halimpi jirani kisu.

Sasa nirudi kwenye kopo la rangi. Jirani wa bibi aliomba mara mbili akanyimwa, ndipo akaiba. Mimi sikuomba hata mara moja, kwa sababu nilijua ningepewa. Kwa muda mrefu nilidhani hilo linanipunguzia kosa: nimechukua kilichokuwa changu kabla ya kutamkwa. Siku hizi naona kinyume. Yeye alimkosea mtu aliyekataa. Mimi nilimkosea mtu aliyekuwa tayari kunipa.

Na kuna siku yenyewe. Asubuhi ile wazee wa ukoo walikuwa wamekaa wakigawa vitu vya marehemu: kitanda kiende kwa huyu, cherehani kwa yule, mbuzi wawili kwa mwingine. Shangazi, aliyemuuguza mama yake miaka miwili, hakuulizwa jambo lolote. Alikuwa jikoni akiwapikia wagawaji. Katika nyumba nzima kulikuwa na kitu kimoja ambacho wazee hawakukihesabu kwa sababu hawakukiona kuwa ni mali, na hicho ndicho shangazi angeweza kumpa mtu kwa mkono wake na kwa hiari yake. Nami nikapita pale nikajivunjia.

Nilipofika hapa katika kuandika, niliacha karatasi nikampigia simu. Nilimweleza tawi nililolichukua, siku na saa, na kwamba sikumwambia. Nikamwomba anipe. Alinyamaza kidogo; nilisikia kuku na pikipiki. Kisha akauliza, "Ulilikausha siku ngapi?"

Nikamwambia siku nne.

"Siku nne hazitoshi," akasema. "Una bahati halikuoza. Mama alikuwa anakausha wiki nzima." Akaniuliza kama limeshatoa maua. Nikasema yametoka mawili. Akataka kujua pindo lina rangi gani, nami nikasogeza kopo dirishani ili nimjibu kwa uhakika.