Dhima ya Kesho

Binadamu hajui litakalompata kesho, lakini tangu kale amekataa kuikabili kesho peke yake. Mtu akifiwa, majirani huchanga. Nyumba ikiungua, jamaa huleta miti na makuti. Bima ni mchango huo huo uliotiwa katika hesabu na mkataba: wengi hutoa kidogo ili mmoja asiangamizwe na kikubwa. Wema wake hauna shaka. Hata hivyo, hesabu ya bima hutazama nyuma. Meli zilizozama jana ndizo zipimazo ada ya meli itakayosafiri kesho. Basi huzuka swali: hatari mpya, isiyokuwa na jana, ni mzigo wa nani?

Swali hili si la miji mikubwa ya biashara peke yake. Nchi ya Handeni na Korogwe, katika Mkoa wa Tanga, imekutana nalo mara mbili.

Mara ya kwanza lilikuja na mkonge. Mmea huo uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya bara yalipata njia ya kwenda baharini. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za nyuzi. Mwenye shamba aliweza kukata bima ya moto kwa ghala lake, na bima ya bahari kwa marobota yake. Lakini hatari iliyomvunja haikuwa moto wala bahari. Ilikuwa kamba za viwandani, zilizofanywa kwa mafuta ya petroli, ambazo ziliangusha bei ya mkonge duniani. Mkataba wa moto haukuitaja, wala wa bahari haukuijua. Je, kwa kukosa mkataba hatari hiyo ilikosa mchukuzi? La. Ilichukuliwa na mkata mkonge aliyepoteza kazi, mtu ambaye fungu lake katika faida lilikuwa dogo kuliko yote, na ambaye hakuulizwa neno katika shauri.

Mara ya pili mafuta yenyewe ndiyo yaliyopiga hodi. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lililowekewa jiwe la msingi Tanga mwezi Agosti 2017, lilipangiwa urefu wa kilomita 1,443, na njia yake ikapitishwa Handeni na Korogwe. Mafuta hayo yana nta nyingi, hata hayana budi kutiwa joto safari nzima yasigande. Kampuni kadhaa kubwa za bima za Ulaya, zikiwamo AXA na Munich Re, zilitangaza kwamba hazitalikatia bima. Hoja iliyotawala mjadala ilikuwa madhara kwa mazingira na kwa hali ya hewa ya dunia. Kwa upande mwingine, kampuni za bima za Uganda na za Tanzania ziliunda miungano ya kuchukua hatari za mafuta na gesi kwa pamoja.

Wako waliousifu ukatao huo kuwa ni uadilifu, na wako walioulaumu kuwa ni unafiki wa walioshiba mafuta zamani. Pande zote mbili zilitazama mkono uliokataa mzigo. Chache zilitazama mahali mzigo ulipoangukia. Mwenye kukataa huenda ana haki. Lakini mzigo uliokataliwa hauyeyuki. Huteremka, na kawaida ya kuteremka ni kufika kwa aliye chini. Tena bima ya bomba humlinda kwanza mwenye bomba. Kisima cha mkulima wa Handeni, nchi ambayo maji ni ya kutafutwa, ni shauri jingine: kikiharibika, nani atalipa, baada ya muda gani, na nani atatakiwa kuleta ushahidi?

Huenda ikajibiwa kwamba dhima nzito hufukuza mtaji, na mtaji ukikimbia, maskini hukosa kazi na barabara. Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Biashara ambayo faida yake hudumu kwa sharti la hasara kulipwa na mwingine haijapata faida. Imekopa kwa jina la mtu asiyeulizwa. Haki yataka dhima ifuate mambo mawili: faida na ujuzi. Anayevuna zaidi achukue zaidi. Anayejua zaidi aseme mapema, na ushahidi umlazimu yeye kabla ya kumlazimu mwenye kisima.

Hakuna mkataba utakaotaja kila hatari ya kesho. Mkata mkonge wa Korogwe hakudhulumiwa kwa sababu watu walishindwa kutabiri kamba za viwandani. Utabiri si wajibu wa mtu. Alidhulumiwa kwa sababu hakuna aliyeamua mapema kwamba lisilotabirika lisiwe lake peke yake. Hatari isiyojulikana haiwezi kupewa bei, lakini yaweza kupewa mwenyewe.